Shavu la Chiriku

Kule maabara walimwita Mpishi, naye hakuchukia, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kukoroga, kupasha moto, kumimina na kungoja igande. Tofauti ni kwamba alichokipika hakiliwi. Ilikuwa jeli, angavu kama maji, aliyoitandaza kwenye visahani vya plastiki ili seli zilale juu yake. Alipika za kila namna. Nyingine laini, ukizigusa zinatetemeka. Nyingine ngumu kama ukucha. Zikishaganda, anazimwagia seli changa zilizotolewa kwenye mafuta ya watu, seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini maishani, anafunga mlango wa kabati la joto na kusubiri.

Sasa hapo ndipo penye maajabu. Seli ni zile zile, chakula ni kile kile, joto ni lile lile. Lakini zilizolazwa pa laini zinajikunja, zinakuwa mviringo, zinajaza matone ya mafuta mpaka ukizitazama kwa hadubini unadhani mtu kamwaga shanga. Zilizolazwa pagumu zinajinyoosha, zinajivuta huku na huku, zinageuka nyuzi. Mafuta hata tone huoni. Seli haina macho wala masikio, lakini inajua imelazwa wapi, na ikishajua, hata uibembeleze vipi haikusikii.

Mpishi hakuingia kazi hii kwa kupenda maajabu. Aliingia kwa ajili ya mdogo wake.

Mdogo wake huyo walimwita Chiriku tangu utotoni, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa bado msichana mdogo sufuria ya mafuta ya moto ilipommwagikia. Shavu lote la kushoto liliungua, likapona kwa kovu gumu lililogandana na mfupa, na kovu likaivuta pembe ya mdomo kuelekea sikioni. Mdomo haukufunga tena. Kuongea aliongea, tena sana, kovu halikumweza kwa hilo. Taabu ilikuwa kula. Chai ilimchuruzika, supu ilimchuruzika, wali ulidondoka kifuani. Basi Chiriku akaacha kabisa kula mbele za watu. Chakula kikipakuliwa alichukua sahani yake, akasema, "Haya waheshimiwa, mimi nakwenda kula na mume wangu," akaingia chumbani na kufunga mlango. Mume hakuwepo. Mama na Mpishi walicheka kila mara, kwa kuwa mwenyewe alitaka wacheke.

Alikuwa fundi cherehani, fundi hasa, si wa kubahatisha. Katika duka alilofanyia kazi wenzake walikaa mbele penye mwanga, yeye akakaa nyuma ya pazia. Hakuna aliyempeleka huko. Alipaomba mwenyewe.

Mkuu wa maabara alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache na mikono misafi kupita kiasi. Wote walimwita Daktari tu. Kwa miaka alikuwa akichota mafuta mapajani mwa watu na kuyadunga chini ya makovu yao, ili kovu linyanyuke, ngozi ipate pa kulalia. Kwa wengine yalikubali. Kwa wenye makovu magumu kama la Chiriku, yalijaa wiki chache, kisha yakafa na kuacha vinundu. Seli changa zilizokuwa ndani ya mafuta hayo, ambazo ndizo zingejenga mafuta mapya, zilijikuta zimelala pagumu, zikageuka nyuzi, yaani kovu juu ya kovu.

"Tukiweza kuzifanya zisiusikie ule ugumu," Daktari alikuwa akisema, "zitajenga mafuta hata juu ya jiwe."

Akatafuta dawa ya kuzidanganya. Kazi ya Mpishi ikawa kupika jeli ngumu kama kovu lenyewe. Jumapili moja alikuja nyumbani na kipimo cha mkononi, chenye ncha butu kama ya penseli, akambonyeza Chiriku shavu hapa na pale.

"Dada, unanipima kama nanasi?" Chiriku aliuliza. "Nimeiva au bado?"

"Nyamaza, mkono unateleza."

"Ukikuta nimeiva usiniuze mbali."

Jeli aliyoipika kesho yake ilikuwa na ugumu ule ule wa shavu la mdogo wake. Aliipima asubuhi ilipoganda, akaridhika, akamwaga seli, akatia dawa ya Daktari, akafunga kabati. Visahani vingine alivipika vile vile lakini akavinyima dawa, vya kulinganishia. Vilipofika wakati wake aliinamia hadubini. Visivyo na dawa, nyuzi tupu. Vyenye dawa, shanga! Shanga pande zote, zimenona, zinang'aa, juu ya jeli ngumu kama kovu. Alirudia jaribio, shanga. Akarudia tena, shanga. Daktari alisogea, akatazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili, akampiga Mpishi begani. Hakuwa amewahi kumgusa mtu pale maabara.

Siku hiyo Mpishi hakungoja kufika nyumbani. Alipiga simu akiwa amesimama koridoni na glavu mkononi. "Mama, tumepata," alisema. "Mwambie Chiriku tumepata."

Ndiye yeye aliyezipeleka habari nyumbani. Ndiye aliyemshika mdogo wake mkono mpaka kwenye meza ya upasuaji. Hilo tulikumbuke.

Chiriku alikuwa mwembamba kama sindano zake mwenyewe. Daktari alimkagua mapaja na tumbo, akatikisa kichwa. "Nitachota yote yaliyopo," alimwambia. "Ukiwa na mwili huu, mara ya pili hakuna."

"Basi Daktari, angalia usimwage," Chiriku akajibu.

Mafuta yalichanganywa na dawa, yakadungwa. Uvimbe ulipoanza kushuka, Chiriku akakaa mbele ya kioo cha Mama akanyamaza, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea. Shavu lilikuwa limejaa. Pembe ya mdomo ilikuwa imerudi mahali pake, au karibu. Alifumba midomo, akaifumbua, akaifumba. Ilifunga.

Siku hiyo alikula mezani. Mama alipakua supu, nyingine akaimwaga mezani. Chiriku alijaza kijiko, akakipeleka kinywani, akafunga mdomo, akameza. Hakuna kilichodondoka. Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mnanikodolea macho? Kuleni, supu inapoa." Mama akainuka haraka, akasema moshi wa jikoni umemwingia machoni, na jikoni kwenyewe moto ulikuwa umeshazimwa.

Haikupita muda, Chiriku akaihamisha cherehani yake. Aliivuta mwenyewe, na meza yake, kutoka nyuma ya pazia mpaka mbele karibu na dirisha. Wateja walimsemesha yeye kwanza. Na yule mkataji wa vitambaa, mwanamume mpole mwenye mkasi mkubwa na maneno madogo, akaanza kupata sababu nyingi za kupita karibu na dirisha.

Kule maabara kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuuhoji. Visahani vikishatumika, kabla ya kumwagwa, vinajazwa klorini na kuachwa mpaka kesho yake, vijidudu vyote vife. Klorini ilikuwa kali, iliila hata jeli yenyewe, kwa hiyo kila asubuhi kilichomiminwa kwenye ndoo kilikuwa uji mtupu. Jeli iliyokuwa laini, uji. Jeli iliyokuwa ngumu, uji. Na kabla ya klorini hakuna aliyeruhusiwa kugusa kisahani chenye seli, asije akazitia uchafu. Kwa hiyo Mpishi aliijua jeli yake asubuhi ilipoganda, akaja kuikuta tena ikiwa imekufa. Katikati hapo hakuwahi kuigusa.

Siku moja klorini ilikwisha. Mwenye stoo alisema italetwa kesho, na kabati lilikuwa limejaa, hakuna nafasi ya visahani vipya. Mpishi akachemsha maji ili aviue vijidudu kwa maji ya moto badala yake. Akashika kibano, ainyanyue jeli kwanza aitupe kwenye sufuria. Kisahani kisicho na dawa, jeli ilitoka nzima, duara, ngumu, ikagonga sufuria kwa mlio. Akachukua chenye dawa. Kibano kikapita ndani yake kama kinapita kwenye uji. Akakiinamisha. Jeli ikamiminika.

Alisimama pale na kisahani mkononi. Akachukua cha pili, kikamiminika. Cha tatu, vile vile.

Hakutaka kuamini, na nani angetaka? Akapika jeli mpya, ngumu, akaipima, akatia dawa peke yake bila seli hata moja. Baada ya siku kadhaa akaibonyeza kwa kidole. Kidole kikazama.

Ndipo akajua. Dawa ile haikuwa imezidanganya seli. Seli hazikudanganyika hata kidogo. Dawa ilikuwa inaiyeyusha jeli chini yao polepole, na seli, zikajikuta zimelala pa laini, zikafanya zilichokuwa zikikifanya siku zote pa laini. Jeli alikuwa ameipika yeye, kwa viungo vyake, na viungo hivyo ndivyo dawa ilivyoweza kuvila. Kovu la mtu halikupikwa na Mpishi.

Alikwenda kwa Daktari na kisahani kimoja. Alikiinamisha mbele yake, juu ya karatasi. Daktari alitazama jeli inavyotambaa. Akaketi.

"Huenda inalainisha na kovu," alisema baadaye, sauti haina nguvu.

"Nimejaribu kwenye vipande vya kovu tulivyoletewa kutoka chumba cha upasuaji. Viko vile vile."

Daktari akavua miwani. Mtu huyu hakuwa mbaya, na Mpishi angefurahi awe mbaya, angalau apate wa kumchukia. "Mgonjwa wa wiki ijayo namrudisha nyumbani leo hii," alisema. "Waliobaki wote nawasimamisha. Lakini yale tuliyokwisha kuyadunga hayatoki. Yatafanya yatakavyo."

"Mdogo wangu?"

"Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi," Mpishi akasema. "Ni mdogo wangu."

Akarudi nyumbani amejikaza kisabuni, maneno ameyapanga njia nzima. Alimkuta Chiriku amekaa mlangoni kwenye kigoda, anamsubiri, chupa ya mafuta ya kukandia mkononi. Daktari alikuwa ameagiza shavu likandwe kila jioni, na Chiriku hakukubali mkono mwingine isipokuwa wa dada yake.

"Umechelewa, shavu linakulilia," Chiriku alisema. "Njoo ukande, nina habari."

Mpishi akaketi nyuma yake, akamimina mafuta kiganjani.

"Mkataji kanialika," Chiriku alisema. "Chakula cha mchana, hotelini, si vibandani! Mezani, mimi na yeye, ana kwa ana. Dada, nilidhani ananitania. Kwanza nikamjibu vibaya."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mimi natafuna kama mbuzi. Akasema yeye anapenda mbuzi." Akacheka, na kwa mara ya kwanza Mpishi alihisi viganjani kicheko kikiinua pande zote mbili za uso. "Sasa nakuuliza wewe mtaalamu. Niende sasa, au nisubiri shavu likae sawa kabisa? Bado kuna uvimbe kidogo hapa chini. Nataka nikienda, niende nimekamilika."

Hapo ndipo palipokuwa pa kumwambia. Maneno yalikuwa yamefika kooni. Mpishi alihisi chini ya kidole gumba chembe ndogo, ngumu, kama punje ya mchele ndani ya mto. Juzi haikuwepo. Akafikiri: akienda sasa, mtu yule ataupenda uso huu, na uso huu hautakaa. Atamwacha mezani kwa aibu kubwa kuliko ya kwanza. Bora asiende. Bora lisianze lisije likavunjika.

"Subiri," alisema.

"Muda gani?"

"Subiri kidogo. Usiwe na haraka."

"Haya," Chiriku alisema, ametulia kama mtoto aliyeahidiwa. "Nilivyosubiri tangu utoto, nitashindwa wiki mbili tatu? Nitamwambia bado naiva."

Jioni ile Mpishi hakusema. Kesho yake hakusema. Kila siku alikwenda kazini akiwa ameapa kwamba leo ndiyo leo, na kila jioni akakuta kigoda mlangoni na chupa ya mafuta, akakaa nyuma ya mdogo wake mahali ambapo hawaonani nyuso, akakanda.

"Linaendeleaje?" Chiriku alikuwa akiuliza.

"Vizuri."

Punje zikawa nyingi. Zikashikana. Chini yake kovu lilikuwa pale pale, gumu kama lilivyokuwa siku ya kipimo, na vidole vya Mpishi, ambavyo vilizoea kupima kuliko kitu kingine chochote duniani, vilijua kila jioni kiasi gani kimekufa. Hata angetaka kujidanganya visingemruhusu. Alipoteza usingizi, akakonda. Mama akamuuliza kama anaumwa, akasema kazi nyingi.

Mkataji alialika tena. Chiriku akamwambia subiri. Wanawake wa dukani walifanya tafrija ya mwenzao aliyejifungua, wakamwalika, naye akawatumia zawadi akasema atakuja ya mwingine, hata wao watazaa tu. Alikuwa anajitunza. Alikula mezani na Mama na dada yake, hapo nyumbani, kwa furaha ya mtu mwenye akiba.

Halafu ikaanza. Siku moja chai ilimtoka kwenye pembe ya mdomo, tone moja, likatua mezani. Chiriku alilitazama. Mama akalifuta kwa kiganja, akaendelea kuzungumzia bei ya vitunguu. Siku iliyofuata matone yakawa mengi. Shavu likaanza kushuka katikati, kama mkate uliotolewa mapema, na ile pembe ya mdomo ikaanza safari yake ya zamani kuelekea sikioni. Dukani, Chiriku aligeuza kiti chake ili ubavu wa kushoto uelekee ukutani. Mkataji alialika mara ya tatu. Safari hii hakumjibu kwa utani. Alimwambia hapana.

Jioni hiyo hakukuwa na kigoda mlangoni. Mpishi alimkuta mezani, mikono mitupu, Mama yuko jikoni anapakua.

"Sikupaki mafuta leo?" Mpishi aliuliza.

"Ya nini?"

Mpishi akaketi mbele yake. Safari hii walionana uso kwa uso. Akasema yote. Alisema habari ya jeli na dawa na klorini iliyokwisha, alisema jinsi kibano kilivyopita, hakujitetea. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtulivu mno, na Mpishi akatamani amtukane, apasue hata sahani.

"Ulijua lini?" Chiriku aliuliza.

Mpishi akaanza tena habari ya kisahani.

"Dada. Nilipokuuliza habari ya Mkataji, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimejua siku ile ile."

"Ukaniambia nisubiri."

"Nilifikiri usipokwenda hutaumia. Nilifikiri..."

"Mdomo ulikuwa unafunga," Chiriku alisema. Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Zile wiki zote ulikuwa unafunga. Ningekwenda na Mkataji. Ningekwenda kwenye ile tafrija nikala keki mbele ya watu mpaka nikinai. Ningekula barabarani, Dada, nikitembea! Ningejua ni wiki chache ningezila zote. Mimi nilikuwa naziweka. Wewe ulikuwa unajua zinakwisha, unanipaka mafuta, unaniambia vizuri."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa dawa sikulaumu. Dawa mlikosea wote, na mimi niliitaka kuliko ninyi." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na yale ya upande wa kushoto yalifuata mtaro wa kovu mpaka mdomoni, yakaingia, kwa kuwa mdomo haukuweza kuyazuia. "Lakini zile wiki zilikuwa zangu."

Mama aliweka sahani tatu mezani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula, ila aliziweka tu, mkono umezoea. Chiriku alijifuta uso kwa kanga, akainuka, akachukua sahani yake na kijiko. Mpishi alimtazama, akingoja ule utani wa mume, na alikuwa tayari kucheka, Mungu anajua, angecheka mpaka asubuhi.

Chiriku hakusema neno. Aliingia chumbani, akafunga mlango, na Mama na Mpishi wakabaki mezani wanasikia kijiko kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta.